Gari Lililo Juu ya Mawe

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Katika miteremko ya Mlima Meru, nyuma ya ghala za baadhi ya vyama vya kahawa, na hata katika nyua za mjini Arusha, huonekana gari lililoinuliwa juu ya mawe manne. Magurudumu yamekwisha kuondolewa, vioo vimefunikwa na vumbi, kuku hutaga penye kiti cha dereva. Aghalabu gari hilo ni Land Rover ya zamani. Watoto waliozaliwa baada ya gari hilo kusimama wamekwisha kuoa na kuolewa, na bado katika kila mkutano mkuu hakosekani mwanachama wa kuinuka na kuuliza: "Ndugu Mwenyekiti, gari letu litatengenezwa lini?"

Swali hilo si la mzaha. Msimu wa kahawa unapowadia, chama hukodi magari ya watu kuteremsha magunia hadi barabara kuu ya Moshi, na fedha hizo hutoka katika malipo ya mkulima. Wakati huo huo mali yake mwenyewe inaoza chini ya mparachichi. Basi mazungumzo haya yanahusu njia ya kulirudisha gari la namna hiyo barabarani, na pia njia ya kutambua kwamba halifai tena kurudishwa. Shabaha yake ni moja. Gari kuukuu halirudi barabarani siku injini yake inapowaka. Hurudi siku linapoweza kusimama mteremkoni, na siku hesabu yake inapoweza kusomwa mbele ya wanachama.

Jinsi gari lilivyofika juu ya mawe

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba mengi ya magari hayo hayakuharibika kwa ajali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, na shughuli zake zikahamishiwa mamlaka za mazao. Vikaruhusiwa kurudi kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka hiyo hiyo bei ya mafuta ilipanda duniani, mara ya kwanza 1973 na mara ya pili 1979, na nchi ikapigana vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na spea zikawa adimu zaidi. Gari lililokosa pampu moja ya breki lilisimama likingoja pampu. Lilipokuwa likingoja, fundi aliazima dainamo yake ili kuponya gari jingine, mwezi uliofuata yakaondoka magurudumu mawili, kisha kabureta.

Kila aliyechukua alikuwa na sababu njema. Lakini hakuna aliyeandika. Wahenga walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Gari hilo halikuuawa na barabara mbovu. Liliuawa na ukimya wa daftari. Kwa hiyo dawa yake huanzia ofisini kabla ya kufika gereji.

Ukuu wa umri si hoja

Wapo wanachama wanaodhani kwamba gari lililokwisha kutumika sana haliwezi kuaminiwa tena. Hao na wakumbushwe mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1965, ambayo njia zake zilijulikana duniani kwa vumbi, matope na mawe. Mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake, akiwa pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo iliyokwisha kutumika kabla ya kufika mikononi mwao. Waliyashinda magari mapya kwa kuwa waliliandaa gari lao kwa mikono ya mtu aliyejua kila kipande chake.

Land Rover za zamani nazo zina sifa yake. Gari hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1948, na bodi yake ni ya madini mepesi ya aluminiamu, ambayo hayaliwi na kutu kama bati la chuma. Ndiyo sababu gari lililolala mvuani miaka ishirini huonekana bado zima. Lakini hapo pana mtego. Chasisi iliyo chini yake ni ya chuma, na kutu yake huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Basi asidanganyike mtu kwa bodi. Fundi na alale chini ya gari akiwa na nyundo ndogo, aigonge chasisi toka mbele hadi nyuma, hasa pale springi zinaposhikizwa. Chuma kizima hulia; chuma kilichooza hujibu kwa sauti ya bubu, na pengine nyundo hupenya. Ikipenya katika sehemu nyingi, shauri limekwisha: gari hilo ni chuma chakavu.

Hesabu kabla ya spana

Kabla fundi hajafungua hata nati moja, katibu na atimize mambo matatu. La kwanza ni kuthibitisha mwenye gari. Kadi ya gari itafutwe, na jina lililoandikwa humo lilinganishwe na jina la chama la sasa, kwa maana vyama vingi vimeungana, vimegawanyika au vimebadili majina. Namba ya chasisi na namba ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, zilinganishwe na kadi. Zikitofautiana, shauri liulizwe Mamlaka ya Mapato mapema, kwa sababu gari lililotengenezwa kwa fedha za wanachama na lisiloweza kuandikishwa ni hasara mara mbili.

La pili ni kuorodhesha kilichopo na kilichopotea, mbele ya mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi, na orodha hiyo itiwe sahihi. La tatu ni kupima faida. Mathalani, chama hukodi gari kwa safari 40 katika msimu, kila safari Sh. 60,000; jumla ni Sh. 2,400,000. Gari lake likitengenezwa litatumia mafuta ya Sh. 15,000 kwa safari, yaani Sh. 600,000, na tena Sh. 900,000 kwa posho ya dereva, bima na matengenezo. Jumla ni Sh. 1,500,000, na akiba ni Sh. 900,000 kwa mwaka. Ikiwa matengenezo ya kulifufua yatagharimu Sh. 5,000,000, fedha hizo zitarudi baada ya miaka mitano na zaidi ya nusu. Lakini chama chenye safari 15 tu kingelipa Sh. 900,000 kwa kukodi, na kingetumia Sh. 1,125,000 kwa kuendesha gari lake. Chama hicho na kiache fahari, kiendelee kukodi.

Tarakimu hizo ni za mfano. Kila chama na kiweke zake. Jambo la msingi ni kwamba mkutano upitishe kikomo cha fedha kabla kazi haijaanza. Pasipo kikomo, kila spea iliyonunuliwa huwa ndiyo sababu ya kununua nyingine, na mwisho wake chama hujikuta kimelipa bei ya gari zima kwa vipande.

Ufunguo usiguswe kwanza

Wenye haraka huleta betri siku ya kwanza, wakazungusha ufunguo, wakafurahi wasikiapo mngurumo. Mngurumo huo waweza kuiua injini. Katika miaka ya kusimama, mafuta ya kulainisha yameteremka yote chini. Pistoni na ringi zimekauka, na huenda zimeshikana na silinda kwa kutu. Injini ikizungushwa kwa nguvu katika hali hiyo, ringi huvunjika.

Utaratibu ulio salama ni huu. Oili ya zamani imwagwe yote katika chombo na chujio libadilishwe. Plagi zifunguliwe, na oili kidogo imiminwe katika kila silinda, iachwe siku mbili au tatu. Ndipo injini izungushwe kwa mkono, plagi zikiwa bado nje. Land Rover za zamani zina nafasi ya hendeli mbele, na hapo ndipo manufaa yake huonekana. Ikizunguka bila kukwama, kazi na iendelee. Petroli iliyolala miaka mingi hugeuka kuwa gundi. Tangi lisafishwe, na kabureta ifunguliwe na kuoshwa. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na jiko na sigara. Nyaya za umeme zikaguliwe moja moja, kwa maana panya huzipenda, na waya uliovuliwa ngozi huweza kuliteketeza gari pamoja na ghala.

Liko pia jambo la petroli yenyewe. Injini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, nayo risasi ililinda viti vya valvu. Petroli ya namna hiyo iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Ikiwa silinda hedi itafunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, ni busara kumwomba fundi atie viti vya valvu vya chuma kigumu, ili kazi isirudiwe.

Kisha maji. Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachozuia mvuke na kupandisha kiwango hicho. Kifuniko kilicholegea kwa bei ya soda chaweza kuunguza injini kwenye mlima. Tena, chemchemi na mito mingi ya Meru ina madini mengi, floraidi ikiwamo, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Maji ya namna hiyo huacha ukoko katika rejeta. Afadhali yatumike maji safi ya mvua yaliyochanganywa na dawa ya rejeta.

Breki

Sasa na ufikiriwe mkasa ambao chama chochote chaweza kuufikia. Ni Juni, kahawa inakaribia kuiva. Fundi kijana amefanya kazi wiki tatu, na asubuhi moja injini inawaka. Wanachama wanatoka shambani, akina mama wanapiga vigelegele. "Mzee, limekubali!" fundi anamwambia dereva wa zamani wa chama. Vijana wanarukia nyuma. Mwenyekiti anataka gari literemke mara moja hadi barabara kuu, ili watu waone. Katibu ndiye pekee anayesimama mbele ya boneti. "Ndugu Mwenyekiti, breki hazijafunguliwa." Anaambiwa breki zipo, mguu umekanyaga umeona zinashika. Anaambiwa anarudisha nyuma maendeleo. Dereva mzee anauchomoa ufunguo na kumkabidhi katibu. "Mwenyekiti, uniwie radhi," anasema. "Kupanda kila gari hupanda. Kushuka ndiko kunakotaka breki."

Mzee huyo ana haki. Katika Land Rover za zamani, mguu wa dereva husukuma mafuta ya breki katika mabomba membamba hadi magurudumuni. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, hata kama gari halitembei. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakiisha kunyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Katika uwanja wa chama hakuna litakaloonekana, kwa sababu breki ni baridi. Lakini gari lenye magunia, likiteremka toka Nkoaranga au Poli, breki zikishikwa kila kona, joto hupanda, mafuta huchemka na kugeuka mvuke. Mvuke hubonyea. Mguu huzama hadi sakafuni, na gari haliwezi tena kusimama. Mbele yake ni soko, ni watoto wanaotoka shuleni.

Kwa hiyo katika gari lililolala miaka mingi breki hazikaguliwi tu, hufanywa upya. Mipira yote ya pampu kuu na ya silinda za magurudumu ibadilishwe, pamoja na mipira ya kuunganishia. Mabomba ya chuma yenye kutu yaondolewe. Mafuta mapya ya daraja lililoandikwa na watengenezaji yatiwe, na upepo utolewe gurudumu hadi gurudumu. Mafuta ya injini, mafuta ya kupikia na maji ya sabuni yasitiwe kamwe mahali pa mafuta ya breki. Mafuta ya injini huvimbisha mipira na kuiharibu, hata kama dereva fulani hudai kwamba yeye alifika nayo salama.

Mafundi nao wana hatari yao. Laining za zamani zilitengenezwa kwa asibestosi, na vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa ambacho kitatupwa. Tena, breki ya mkono ya Land Rover hizo haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, gari laweza kusogea ingawa breki ya mkono imevutwa. Watu wameumia kwa kutojua jambo hilo. Jiwe na liwekwe mbele na nyuma ya gurudumu lililobaki chini, wala mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye uwanja tambarare, gari likiwa tupu na bila abiria. La pili lifanyike na mzigo nusu kwenye mteremko mfupi. Na dereva aagizwe kwa maandishi kwamba atashuka mlima kwa gia ile ile ambayo angepandia. Kuachia gia ili kuokoa petroli ni kuokoa senti na kupoteza roho.

Matairi na karatasi

Arusha ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, kilichoanza uzalishaji mwaka 1971 na kusimama miaka mingi iliyopita. Tairi za enzi hizo bado hupatikana ghalani, zikiwa na meno kamili. Zisitumike. Mpira huzeeka hata bila kutembea, nyufa ndogo hutokea ubavuni, na tairi hupasuka likipata joto na mzigo. Tangu mwaka 2000 ubavu wa tairi huandikwa tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2014. Lisilo na tarakimu nne lina umri wa zaidi ya miaka ishirini. Katibu anayenunua tairi na asome hapo kabla ya kulipa.

Kuhusu karatasi, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, lakini bima haikufutwa. Gari lisitoke nje ya uwanja pasipo bima ya mtu wa tatu, hata kwa majaribio. Likaguliwe na askari wa usalama barabarani, na dereva awe na leseni ya daraja linalostahili. Abiria wasipakiwe juu ya magunia. Chama kinachomwonea haya mwanachama wake na kumpa lifti juu ya mzigo hakimtendei wema.

Baada ya kurudi barabarani

Gari likitembea, kazi ya daftari haijaisha. Liwe na kitabu chake, kinachoandikwa tarehe, safari, kilomita, mafuta, oili, na kila spea iliyotiwa au kutolewa. Kitu kikitoka kwenye gari kwa kuazimwa, kiandikwe jina la aliyechukua na siku ya kukirudisha. Liwe na dereva mmoja anayewajibika. Kila wiki oili, maji, mafuta ya breki na upepo wa matairi vipimwe, gari likiwa limefanya kazi au halikufanya. Na kila mwaka sehemu ya akiba iliyopatikana itengwe kwa matengenezo, ili siku pampu itakapokufa tena, gari lisirudi juu ya mawe kwa kukosa fedha ya pampu moja.

Ikiwa ukaguzi umeonyesha kwamba gari halifai, wanachama waambiwe kweli bila kuzungushwa. Liuzwe kwa uwazi, kwa zabuni, kwa idhini ya mkutano mkuu na kwa kumshirikisha Afisa Ushirika, na fedha zake zionekane katika hesabu. Si aibu kwa chama kuuza kilichokwisha. Aibu ni kukiacha kioze huku kila mwaka mkutano ukiahidiwa.

Kazi ya ufundi yaweza kupatikana hapa hapa mkoani. Arusha ina gereji nyingi, na Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1978 kimefundisha mafundi wa magari tangu mwanzo wake. Vijana wa wanachama wenyewe wamo miongoni mwao. Wapewe kazi kwa mkataba ulioandikwa, walipwe kwa hatua, na hatua ya kwanza kulipwa iwe breki.

Makatibu wanaombwa waanze wiki hii kwa jambo lisilogharimu kitu: waende nyuma ya ghala na daftari na kalamu, wawafukuze kuku, waandike kilichopo.